Babu Sio Kiungo cha Biriani! Mnawapikia Kiki Mashujaa wa Familia na Hata Majina Yao Hamyataji

Ile klipu ya dakika 11 imezunguka mpaka imeingia kwenye makundi ya WhatsApp ya vikoba. Ambaye hajaiona basi simu yake haina bando.

Kwa aliyepitwa, iko hivi. Kuna dada mmoja wa Kibongo anaishi Toronto, Kanada. Jina linahifadhiwa, ila wafuasi anao wa kutosha na mapishi yake watu wanayakubali. Tarehe 11 Novemba, siku ambayo Wakanada wanavaa ua jekundu kifuani kuwakumbuka askari wao, na yeye kalivaa. Kaingia jikoni, kaegemeza picha ya babu yake kwenye kopo la iliki, picha ya zamani imekwajuka, babu kavaa kofia ya jeshi. Akasema leo anamuenzi babu yake aliyepigana Burma kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Halafu akapika biriani ya kuku ya Kihindi, dengu, bhajia, na gulab jamun za kumalizia. Samli yote iliyotumika humo ilikuwa imepikwa na bangi.

Wageni wanane mezani, kila mtu kicheko. Mwisho wanainua glasi kuelekea picha ya babu, mmoja wao macho yameshakuwa madogo kama tundu la sindano, na chini yanapita maandishi: shujaa wetu.

Laiki zikamiminika kama mvua ya masika. Watu wakalia machozi kwenye komenti. Wengine wakaomba vipimo vya samli.

Sasa itazame tena hiyo klipu ukiwa umetulia. Samli imetajwa kwa jina la kampuni mara nne. Duka la bangi limetajwa mara tatu, na namba ya kupata punguzo juu. Sufuria ina jina. Hata paka anayepita chini ya meza katajwa jina. Babu? Babu ni "babu" tu, mwanzo mpaka mwisho. Hakuna jina, hakuna kijiji, hakuna kikosi, hakuna mwaka.

Hapo ndipo penye kesi. Watu wanabishana kuhusu bangi wakati aliyeibiwa ni mzee wa kwenye picha. Huwezi kusema unamuenzi mtu halafu umtumie kama kotimiri, unamnyunyizia juu ya sahani ili ipendeze.

Huyo babu alikuwa nani hasa?

Haihitaji kusoma chuo kujua. Askari waliotoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland kwenda Burma walikuwa wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee waliliita Keya. Walipelekwa kwanza Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, kufanya mazoezi. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikaingia Burma, ikashuka Bonde la Kabaw kipindi cha mvua kubwa za kule. Matope mpaka kiunoni, malaria, homa za msituni, na Mjapani kajificha mbele. Bonde lile lilipewa jina la Bonde la Mauti. Wakalipita hivyo hivyo, na Desemba 1944 wakafika Kalewa, kwenye mto Chindwin.

Kuna ambao hata bunduki hawakuwahi kuinyanyua. Tarehe 12 Februari 1944, meli iliyoitwa Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives. Ilizama ndani ya dakika tatu. Watu karibu 1,300 walikufa, wengi wao askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Vijana wa umri ule ule wa wanaoshinda TikTok leo.

Na waliorudi je? Mwaka 2019 nyaraka za zamani zilianikwa hadharani, zikaonyesha kuwa malipo ya kuagwa jeshini yalipangwa kwa rangi ya ngozi. Askari mzungu wa cheo kile kile alilipwa karibu mara tatu ya Mwafrika. Risasi zilikuwa hazibagui, ila karani wa mishahara alibagua.

Vita vya Kwanza ndiyo usiseme. Kariakoo unayoendea kununua viatu na vipodozi jina lake limetokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi. Walibeba risasi na vyakula vichwani, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na magonjwa. Pale Posta kuna Mnara wa Askari, umesimama tangu 1927, daladala zote zinaujua. Usogelee siku moja usome. Unawakumbuka askari na wapagazi kwa jumla, majina yao huyakuti. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri yenyewe kwamba angalau watu 116,000 waliokufa kwenye vita vile, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina popote au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hiyo mkoloni aliwaacha mababu bila majina. Miaka inapita, anatokea mjukuu wa damu, ana simu ya milioni tatu, taa za kurekodia na wafuasi kibao, anapata dakika 11 za kumtaja babu. Na yeye hamtaji. Tofauti yake na yule karani ni ipi?

"Ni mila ya Kihindi." Taratibu hapo!

Moja ya vitu vilivyosemwa kwenye klipu ni kwamba bangi kwenye chakula ni mila ya Kihindi ya tangu enzi. Kuna ukweli ndani yake, ila umekatwa nusu.

Ni kweli hata neno bangi limetoka huko, kwenye "bhang" ya Kihindi. Ni kweli India wanaitumia kwenye sikukuu kama Holi na Mahashivratri, hasa kwenye thandai, maziwa yenye lozi, iliki, pilipili manga na shamari, na wengine kwenye bhajia na vitamutamu. Sheria yao ya 1985 imekataza maua na utomvu wa mmea, ila majani na mbegu haikuyahesabu, ndiyo maana miji kama Varanasi na Jaisalmer ina maduka ya bhang yenye kibali cha serikali.

Lakini hicho ni kitu cha sikukuu, kina siku yake, na mtu anajua anakwenda kunywa nini. Biriani ya familia, inayopakuliwa kwenye sinia na kila mwenye mkono anachota, ni kitu kingine kabisa. Bibi wa Kihindi akisikia umetia bhang kwenye biriani ya kuku ukasema ndiyo mila yao, atakufukuza na mwiko.

Na kinachouma zaidi ni kwamba yule dada alikuwa na hadithi ya dhahabu mkononi, akaitupa. Chakula cha Kihindi na vita vya babu zetu vina uhusiano wa kweli. Kule Burma askari wa Keya walipigana ndani ya Jeshi la 14, ambalo sehemu kubwa ya askari wake walikuwa Wahindi. Na miaka 30 kabla ya hapo, Novemba 1914, Wahindi ndio walioletwa hapa. Askari karibu 8,000 walishushwa Tanga na Mwingereza kupambana na jeshi la Mjerumani lililokuwa dogo kuliko wao mara kadhaa. Wakapigwa vibaya, na nyuki wakawamalizia, mpaka leo vita ile inaitwa vita ya nyuki. Vijana wa Kihindi wakazikwa Tanga, vijana wa Tanganyika wakazikwa Burma, wote kwa ugomvi wa mtu mwingine.

Hiyo ndiyo biriani ya kumpikia babu! Unachambua mchele unasimulia. Unakaanga vitunguu unasimulia. Unafunika sufuria kwa unga unasema alizaliwa wapi, aliondoka mwaka gani, alirudi na nani na nani hakurudi. Badala yake dakika zote zimeliwa na rangi ya samli na namba ya punguzo.

Moto umeshafika Dar

Kama ingeishia Toronto, yangekuwa maneno ya mtandaoni tu. Ila Bongo kuiga hatujambo.

Wiki chache baada ya ile klipu, kijana mmoja wa Dar es Salaam mwenye jina TikTok, naye linahifadhiwa, akaona na yeye ana shujaa wake nyumbani. Baba yake mzazi alipigana vita vya Kagera, 1978 mpaka 1979. Mzee wa watu mstaafu, ana presha, anameza dawa kila asubuhi. Kijana akaandaa chakula cha jioni cha kumpa heshima mzee. Biriani, kuku wa masala, chapati za maji. Samli akaipika vile vile kama alivyoona. Mzee hakuambiwa. Eti ingeharibu utamu wa klipu, walitaka waone atakavyocheka.

Mzee akala sahani ya kwanza akasifia. Akaongeza ya pili, kwa sababu hakuna kilichokuwa kimetokea.

Hapo ndipo wengi wanapopigwa. Bangi ya kuvuta mtu anaisikia ndani ya dakika chache na anajua wapi pa kuacha. Ya kula inapita tumboni kwanza, inakwenda kwenye ini, inageuzwa huko kuwa kitu kikali zaidi. Inaweza kuchukua nusu saa mpaka saa mbili kuanza kufanya kazi, na ikianza inaweza kukaa saa sita, nane, hata kumi na mbili. Anayesubiri ahisi ndipo aache kula, anaacha akiwa ameshachelewa. Mapigo ya moyo yanapanda. Kwa kijana wa miaka 22 ni usiku mbaya. Kwa mzee mwenye presha ni suala la uhai.

Saa nne usiku mzee akaanza kutoka jasho, moyo unakwenda mbio, hajui yuko wapi. Mtu wa karibu na familia hiyo anasimulia kwamba akaanza kuita majina ya watu. Majina ambayo mkewe na watoto wake hawakuwahi kuyasikia maisha yao yote. Anawaita walale chini. Anawaambia wasivuke. Na kamera bado inarekodi.

Walipomkimbiza hospitali, muuguzi akauliza amekula nini. Kimya. Akauliza tena. Mtoto akajibu amekula chakula kilicholala. Kwa nini? Kwa sababu hii ni Tanzania. Sheria ya dawa za kulevya ya 2015 haiulizi kama umeivuta au umeipikia samli, bangi ni bangi, na jela ni jela. Kijana alijua hilo tangu anawasha jiko. Kwa hiyo daktari akabaki anatafuta ugonjwa gizani, na mwenye jibu kasimama pembeni ya kitanda ameshika simu.

Mzee alipona, Mungu mkubwa. Ila mpaka leo hajaambiwa ukweli. Anaamini kichwa chake kimeanza kuharibika. Anaona aibu kwa yale aliyoyasema mbele ya wakwe. Mtu aliyevuka mpaka na bunduki kwa ajili ya nchi anakaa barazani anajiogopa mwenyewe, na mwanaye wa kumzaa anajua sababu na kanyamaza.

Hiyo ndiyo heshima?

Mapovu ya mashabiki

Timu ya yule dada ina majibu yake, na haki itendeke, mengine yana uzito.

Wanasema Kanada ni halali. Kweli. Tangu 17 Oktoba 2018 mtu mzima anaruhusiwa, na vyakula vyenye bangi vikaruhusiwa kuuzwa mwaka uliofuata. Lakini hao hao Wakanada wameweka kikomo: pakiti nzima ya chakula cha dukani haitakiwi kuzidi miligramu 10 za THC, kile kitu kinacholevya. Lazima kiandikwe kiasi gani, na kifungashio kiwe kigumu kwa mtoto kufungua. Kwenye sinia la biriani nani anajua kijiko kimebeba miligramu ngapi? Anayechota pembeni anapata kidogo, anayechota penye samli imetuama anabeba ya watu watatu. Serikali yenyewe iliyohalalisha inaiogopa hiyo kitu kuliko mashabiki wa Mbagala.

Wanasema wanajeshi wastaafu wenyewe wanaitumia. Hii ndiyo hoja yao nzuri kuliko zote. Huko Kanada ofisi ya serikali inayohudumia wastaafu wa jeshi inawalipia baadhi yao bangi ya matibabu, ikiwemo wanaosumbuliwa na maumivu na majinamizi ya vita, na tangu Novemba 2016 kiwango cha kawaida ni mpaka gramu tatu kwa siku. Yupo askari anayepata usingizi kwa sababu hiyo, na asichekwe. Ila angalia inavyokwenda: mstaafu mwenyewe ndiye anayeomba, daktari anamwandikia, kipimo kinajulikana. Hakuna anayetiliwa kwenye dengu kwa siri. Na kama yule dada alitaka kusema babu yake alirudi Burma hapati usingizi, angesema! Hilo lingekuwa jambo zito, lingefungua midomo ya familia nyingi zenye mzee anayepiga kelele usiku na watu wanasema karogwa. Hakusema. Pengine hata hajui, kwa sababu hakuuliza.

Wanasema wageni wake walijua wanachokula. Sawa, hapo apewe haki yake, kamzidi yule wa Dar kwa mbali. Ila klipu haikuonyesha akiwaambia. Haikuonyesha onyo lolote. Ilionyesha kicheko, na kicheko ndicho kilichoigwa.

Halafu kuna lile jibu la kila siku: wivu. Eti watu wana wivu na maendeleo ya dada wa watu. Kwa hiyo yule mzee wa Kagera naye alikuwa na wivu?

Anayetaka kuenzi, aenzi hivi

Kumuenzi mzee hakuhitaji moshi wala samli ya kijani. Kunahitaji muda, na muda ndio kitu ambacho mastaa hawataki kukitoa bure.

Kama shujaa wako yu hai, nenda kamwamkie. Piga shikamoo, kaa chini, zima kamera kwanza. Muulize alikuwa na nani. Wazee wa jeshi ukiwauliza waliua wangapi watakufukuza, ila ukiwauliza rafiki yao waliyekula naye sahani moja alikuwa nani, watakaa mpaka chai ipoe. Andika majina. Akiruhusu, ndipo urekodi.

Kama ameshatangulia, tafuta makaratasi. Kwenye masanduku ya bibi kuna cheti cha kuagwa jeshini, kuna medali inachezewa na watoto, kuna picha ina tarehe nyuma. Kama alifia vitani, ile tume ya makaburi ina orodha mtandaoni, bure, unaandika jina unatafuta. Bando la kuangalia mapishi ya bangi linatosha kabisa.

Na mashujaa sio wazee wa Burma na Kagera tu. Desemba 2017 wanajeshi 15 wa Tanzania waliuawa kwenye shambulio la kambi yao ya Semuliki, Congo, wakilinda amani. Wana wajane ambao ni wasichana bado. Wana watoto wanaosoma shule ya msingi. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mastaa wanaposti bendera na mshumaa halafu jioni wako viwanja. Mpeleke mtoto mmoja wa marehemu akale chips. Mwambie baba yake alikuwa anaitwa nani kambini.

Ukishafanya hayo, pika. Pika biriani ya nguvu, weka zafarani, kaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya chai, kachumbari pembeni, ita majirani. Mtu mzima wa Toronto anayetaka bangi yake ana pakiti yake imeandikwa kipimo, aile kivyake, asiichanganye na sinia la ukoo. Sinia la ukoo linachotwa na mtoto, na mjamzito, na shangazi mwenye kisukari, na mzee aliyemeza dawa ya presha asubuhi. Hapo hakuna siri ya kutia ndani ya sufuria.

Yule kijana wa Dar bado ana nafasi. Akamwambie baba yake ukweli kabla mzee hajaenda kaburini akijiona chizi. Atatukanwa, pengine atachapwa bakora ukubwani, na atastahili. Halafu ile video aliyorekodi usiku ule asiiposti. Aifungue peke yake na kalamu mkononi, asikilize yale majina baba yake aliyokuwa anayaita, ayaandike moja moja. Mzee kayabeba tangu 1979 na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mdau, kabla hujatoa povu kwenye komenti, fanya kitu kimoja. Dondosha hapo chini jina la shujaa wa familia yako. Sio "babu", sio "marehemu mjomba". Jina kamili, alitoka wapi, alipigana wapi. Kama hulijui, mpigie mama sasa hivi umuulize.